Mahindi yanajuaje kuwa fosfeti imepungua? Nasikia hayapimi fosfeti yenyewe

#1 MtotoWaNewala
Habari wakuu. Nina duka dogo la pembejeo huku Newala. Kila mwaka mvua zikishika, wateja wananiletea majani ya mahindi yaliyogeuka zambarau pembeni. Jibu la dukani ni jepesi: upungufu wa fosforasi, chukua mbolea ya DAP au TSP. Sasa kuna kijana kasomea mambo ya mimea, kanichokoza: "Mzee, huo mhindi wenyewe umejuaje kuwa umepungukiwa?" Nikamjibu mizizi inaonja fosfeti, yaani fosforasi katika hali ambayo mmea unaweza kuinywa, kwenye udongo. Akacheka. Anadai seli haiipimi fosfeti yenyewe, inapima kamolekuli kengine kadogo kaliobeba fosfeti nane, na hako ndiko kanakozima na kuwasha jeni.

Fosfeti nane kwenye molekuli moja? Na kwa nini seli ipitie kwa dalali wakati mzigo wenyewe uko mbele yake? Wanaojua mambo ya seli naomba mnieleweshe, fomula ndefu sitaki.

#2 Nangurukuru_Express
Newala shida ya maji imeisha mpaka mmehamia kwenye fosfeti nane? Naweka kambi hapa.

#3 Mwl_Masasi
Mkuu, hakuna ajabu. Seli zimekuwa zikitumiana habari kwa fosfeti tangu enzi. Ushahidi wa mwanzo ulipatikana kwenye ini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Earl Sutherland alikuwa anatafuta adrenalini inavyolifanya ini litoe sukari. Adrenalini haiingii ndani ya seli, inagusa kipokezi kilichoko juu ya utando na kuishia hapo. Huko ndani kimeng'enya kinachukua ATP, ile molekuli ya nguvu ya seli yenye fosfeti tatu, kinaondoa fosfeti mbili, na ile moja inayobaki kinaikunja kuwa pete. Hiyo ndiyo cAMP. Inaamsha kimeng'enya kingine, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini za jirani, nazo zinaamshana mpaka glikojeni inavunjwa na sukari inaingia kwenye damu. Sutherland alipata Nobel mwaka 1971. Mambo ya kubandika na kubandua fosfeti kwenye protini yaliwapa Nobel Edwin Krebs na Edmond Fischer mwaka 1992.

Kwa hiyo mhindi nao ni hivyo hivyo. Fosfeti ikipungua, ATP inapungua, cAMP inapungua, jeni zinajua. Form Six hii inatosha.

#4 Seli_Hai
Mwalimu, kwenye ini uko sawa kabisa. Kwenye mhindi umekata kona mapema. cAMP siyo inayopeleka habari ya njaa ya fosfeti kwenye mmea.

Kijana wa mtoa mada kasema kweli. Kuna kitu kinaitwa inositoli, pete ya kaboni sita. Kila kaboni inaweza kubandikwa fosfeti. Zikijaa sita unapata IP6, ile iliyojaa kwenye mbegu na pumba. Seli haiishii hapo. Inabandika fosfeti juu ya fosfeti, unapata IP7, halafu IP8. Nafasi za kwenye pete zimekwisha, sasa zinapandana.

Kwenye mmea kuna protini inayoitwa PHR1, imejulikana tangu 2001. Hiyo ndiyo inayowasha jeni za njaa: ongeza milango ya kuingizia fosfeti kwenye mizizi, toa asidi, badilisha mafuta ya utando ili fosfeti yake itumike kwingine. Chakula kikiwepo, PHR1 inakamatwa na protini nyingine yenye kipande kiitwacho SPX, isiweze kushika DNA. Kinachozishikanisha hizo mbili ni IP8. Fosfeti ikipungua, IP8 inashuka, SPX inalegea, PHR1 inaachiwa. Kazi ya mwaka 2016 kutoka Uswisi ilionyesha kuwa SPX inashika molekuli hizi za inositoli kwa nguvu kubwa mno kuliko inavyoshika fosfeti tupu. Mwaka 2019 ikaonekana kuwa kwenye mmea anayehusika hasa ni IP8.

Kuhusu dalali: fosfeti imetapakaa kila mahali kwenye seli, nyingine imehifadhiwa kwenye vakuoli (mfuko wa akiba ndani ya seli), nyingine inaingia na kutoka kwenye ATP kila sekunde. Kitu kilichotapakaa hivyo ni kigumu kukipima. IP8 ni kidogo sana, kikiongezeka au kupungua kinaonekana haraka.

#5 Stakabadhi_Ghalani
Kwa hiyo hata ndani ya mhindi kuna kangomba, walanguzi kama wa korosho. Serikali ina kazi.

#6 BwanaShambaMstaafu
Wanangu, mnaruka juu juu. Kabla hamjafika kwenye IP8 tazameni udongo. Nimefanya kazi Tandahimba na Newala miaka mingi. Uwanda wa Makonde ni mchanga, na una tindikali. Kwenye tindikali fosfeti inashikwa na chuma na aluminiamu, mmea hauipati hata ukimwaga mfuko mzima. Juu ya hapo tunapuliza salfa kwenye mikorosho kila msimu kwa ajili ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Salfa ile ikianguka chini inageuzwa na bakteria kuwa asidi. Mtu anapanda mahindi chini ya mikorosho ya baba yake iliyokula salfa tangu yeye hajazaliwa, halafu anashangaa zambarau.

Pia majani ya zambarau si lazima yawe njaa ya fosfeti. Mizizi ikijeruhiwa na wadudu, udongo ukituama maji, sukari ikajazana kwenye jani, utaiona rangi hiyo hiyo. Kuna mbegu nyingine ni za rangi hiyo tu. Mtoa mada asiuze DAP kwa kutazama jani moja lililoletwa kwenye mfuko wa rambo.

#7 MtotoWaNewala
Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, ila mwenye jani akija anataka jibu saa hiyo hiyo. Na lile swali la salfa litanikosesha wateja wa upande wa pili.

#8 BwanaShambaMstaafu
Marahaba. Mwambie apeleke udongo kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele ukapimwe. Na ukiuza, usimwambie mtu kuwa TSP ina "fosforasi 46". Hiyo 46 ni P2O5, fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni. Fosforasi halisi ni kama 20 kwa mia.

#9 Mizizi_Kwanza
Naheshimu post #4 lakini imesimulia upande mmoja. Mzizi una akili yake. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2007 kwamba ncha ya mzizi ikigusa tu mahali pasipo na fosfeti, inaacha kurefuka, hata kama mmea kwa jumla umeshiba. Kuna protini ya LPR1 pale nchani, na bila chuma jambo hilo halitokei. Hapo IP8 haijatajwa kabisa. Mimi naona kipimo cha kwanza ni ncha ya mzizi na chuma, IP8 inakuja baadaye kwenye hesabu za ndani. Na kwa udongo wa mzee wa #6 uliojaa chuma, hiyo ndiyo hoja inayotugusa sisi.

#10 Seli_Hai
Mizizi_Kwanza, hayo yalifanyika kwenye visahani vya kioo, mizizi inapigwa mwanga. Mwaka 2019 ilitoka kazi ikionyesha kuwa mwanga wa buluu unaoifikia mizizi ndiyo unaochochea sehemu kubwa ya kusimama kule kupitia chuma. Mizizi ya Tandahimba iko gizani. Sikatai kabisa, lakini usiihamishe moja kwa moja kutoka kwenye kisahani mpaka shambani.

#11 Mizizi_Kwanza
Na IP8 yako ilipimwa shamba gani? Arabidopsis, kale kamea kenu ka maabara, haina hata kihindi kimoja cha kuchoma.

#12 Nangurukuru_Express
😂😂 Seli_Hai jibu hilo.

#13 Mkwe_wa_Tandahimba
Mimi nabebesha miche ya korosho, nimevutiwa na kitu kimoja. Niliwahi kusoma kuwa walibebesha vimea, shina la huku na mzizi wa kule, wakakuta majani yakiona njaa yanatuma kipande kidogo cha RNA, miR399, kinashuka kwenye mirija mpaka mzizini na kuzima kizuizi kiitwacho PHO2. Hapo mzizi unafungua milango ya fosfeti. Kwa hiyo anayetoa amri ni jani. Ncha ya mzizi na IP8 wote wanapokea maelekezo. Wataalamu semeni, au tunao wakubwa watatu kwenye nyumba moja?

#14 Seli_Hai
Mkwe, hiyo ni kweli, ya 2008. Ila nani anaiwasha miR399 kule kwenye jani? PHR1. Na PHR1 anashikwa na nani? Rudi #4.

#15 DadaWaMikindani
Samahani kuwatoa shambani. Mimi ni muuguzi, na post #3 ya mwalimu imenikumbusha somo ambalo nalitumia kila mvua kubwa zinapokuja na kipindupindu. Watu wanadhani yule bakteria anakula utumbo. Hali utumbo, anakaa juu tu. Anatoa sumu, sehemu ya sumu ndiyo inaingia ndani ya seli na kumkwamisha yule mtu wa kati anayewasha kimeng'enya cha cAMP. Akishakwama hazimiki. cAMP inapanda na haishuki, mlango wa kloraidi unaachwa wazi, chumvi inatoka na maji yanafuata. Mtu mzima anaweza kukauka ndani ya saa chache, na utumbo wake ukiutazama hauna kidonda.

Ndiyo maana ORS inafanya kazi. Kuna mlango mwingine unaoingiza sodiamu pamoja na glukosi kwa mpigo mmoja, na sumu ile haiugusi. Pakiti isipokuwepo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi jamani. Halafu mpelekeni mgonjwa kituoni, msikae naye nyumbani mkimsubiri apone.

#16 Mwl_Masasi
Asante sana dada. Nitalitumia darasani.

#17 Kijiwe_cha_Kahawa
Mwalimu na dada, sisi wa kijiweni tumesikia kuwa kahawa inapandisha cAMP kwa sababu inazuia kimeng'enya kinachoivunja. Kwa hiyo mgonjwa wa kuhara asipewe kahawa?

#18 DadaWaMikindani
Asipewe kweli, ila sababu yako inayumba. Kafeini inazuia kimeng'enya hicho kwa kiasi kikubwa ambacho kikombe cha kijiweni hakikifikii. Kwa kiasi cha kawaida inaziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayoleta usingizi, ndiyo maana usingizi unakimbia.

#19 Kijiwe_cha_Kahawa
Sasa kuna dawa inayozuia vimeng'enya hivyo sawasawa?

#20 Stakabadhi_Ghalani
Ipo, na nusu ya wanaume waliomo kwenye uzi huu wanaijua kwa jina la dukani 😂

#21 DadaWaMikindani
Haya, kwa kuwa mmeipeleka huko. Sildenafil inazuia kimeng'enya cha PDE5 kinachovunja cGMP, ndugu yake cAMP. cGMP ikikaa muda mrefu misuli ya mishipa ya damu inalegea, damu inapita. Anayetumia dawa za moyo zenye naitreti asiiguse, shinikizo la damu linaweza kushuka mpaka akazimia au kufa. Naona vijana wanameza bila kupimwa. Nimemaliza, rudini kwenye mahindi.

#22 Nangurukuru_Express
Dada katoa onyo, watu wamekaa kimya ghafla.

#23 Ufuta_na_Mbaazi
Nachangia la kwangu, niko Ruangwa. Msimu mmoja nilinunua mbolea ya majani ya kupuliza, kopo zuri, muuzaji akasema ni fosforasi ya haraka. Nilipuliza mahindi yaliyokuwa yameanza zambarau. Yakabaki madogo vile vile. Nilipomwonyesha kopo mtu anayejua akaniambia hiyo si fosfeti, ni fosfaiti, dawa ya ukungu. Nataka kujua: mmea uliipokea? Kwa sababu jirani ambaye hakupuliza chochote alipata mizizi mirefu kuliko mimi.

#24 Seli_Hai
Ufuta, kisa chako ni dhahabu kwa uzi huu. Fosfaiti inafanana na fosfeti, ina oksijeni moja pungufu. Inaingia kwa milango ile ile ya mizizi na majani, lakini mmea hauwezi kuigeuza chakula. Mbaya zaidi, kwenye mmea wenye njaa inazima majibu ya njaa. Mmea unaacha kujihangaikia wakati tumbo liko tupu. Jirani yako aliachwa na njaa yake, mizizi ikatafuta. Kama dawa ya magonjwa ya jamii ya Phytophthora inafanya kazi vizuri tu, kosa ni kuiuza kama mbolea.

#25 Mizizi_Kwanza
Hapo hapo Seli_Hai nakukamata. Fosfaiti haiwezi kuingia kwenye ATP. Haiwezi kujenga IP8. Sasa kama kinachopimwa ni IP8, mmea umedanganyikaje? Aliyedanganyika lazima awe kitu kinachotazama umbo la fosfeti lenyewe. Yaani hakuna dalali, kuna kipokezi kinachogusa mzigo moja kwa moja.

#26 Mkwe_wa_Tandahimba
Eeh bwana. Hii imekaa.

#27 Seli_Hai
Ni hoja nzito, naikubali uzito wake. Lakini kuna njia nyingine. Kimeng'enya kinachotengeneza IP8 kwenye mmea, VIH, kina ncha mbili: moja inabandika fosfeti, nyingine inabandua. Zote mbili zinasikiliza hali ya ATP na fosfeti ndani ya seli. Kitu kinachofanana na fosfeti kikikaa kwenye ncha ya kubandua kinaweza kuizuia, IP8 ikabaki juu. Kwa hiyo fosfaiti inaweza kumdanganya anayetengeneza ujumbe, hata kama haimo kwenye ujumbe wenyewe.

#28 Mizizi_Kwanza
"Inaweza". Sawa.

#29 Mwl_Masasi
Lakini Seli_Hai, umesema kimeng'enya kinasikiliza ATP. Basi nilivyosema #3 kuwa ATP ikipungua habari inafika, sikuwa mbali. Labda kinachopimwa ni nguvu ya seli, na fosfeti inaonekana tu kwa sababu bila fosfeti hakuna ATP.

#30 Seli_Hai
Mwalimu, wapo wanaosema hivyo hivyo, na sababu wanayo. Vimeng'enya vinavyobandika fosfeti ya saba kwenye IP6 vinahitaji ATP nyingi ili vifanye kazi vizuri, karibu na kiwango kinachokuwemo kwenye seli kila siku. ATP ikishuka kidogo tu, IP7 inashuka. Kwa hiyo ukiona IP7 imeshuka huwezi kusema papo hapo kama seli inalalamikia fosfeti au nguvu.

Na usidhani hamira, ambayo nayo ina SPX na IP7 na hupimwa sana maabara, inatusaidia. Mwaka 2007 maabara ya Erin O'Shea kule Marekani ilisema hamira ikinyimwa fosfeti IP7 inapanda. Miaka mingi ikafundishwa hivyo. Mwaka 2023 kundi la Andreas Mayer wa Lausanne wakapima kwa mashine nyingine na kuona aina zote mbili za IP7 pamoja na IP8 zinashuka. Hamira ile ile, majibu yamepishana kama mashariki na magharibi.

#31 Nangurukuru_Express
Hamira inaweza kupanda na kushuka, ndiyo kazi yake. Muulizeni muuza maandazi.

#32 Kijiwe_cha_Kahawa
Nimeona #4 imetaja IP6 iko kwenye mbegu. Korosho ni mbegu. Kuna video zinasema IP6 inatibu saratani. Kwa hiyo sisi wa Mtwara tunaokula korosho za moto kila siku tumeshajikinga?

#33 DadaWaMikindani
Hapana jamani. IP6 ya kwenye mbegu ndiyo faiteti, ghala la fosforasi la mbegu kwa ajili ya mche. Ukiimeza, tumboni inashika madini ya chuma na zinki yasiingie vizuri mwilini. Kwa mtoto anayekula ugali wa dona asubuhi na jioni bila dagaa wala mboga, hilo ni jambo la kuangalia. Kuloweka na kuchachusha kunapunguza. Seli zako zinatengeneza IP6 zenyewe, hazisubiri korosho. Na hakuna anayeruhusiwa kuacha matibabu ya saratani kwa sababu ya video.

#34 Stakabadhi_Ghalani
Korosho zenyewe bei ya mnada ikiwa nzuri hatuzili, tunazitazama.

#35 BwanaShambaMstaafu
Ufuta_na_Mbaazi wa Ruangwa, majibu uliyapanda mwenyewe bila kujua. Mbaazi mizizi yake inatoa asidi inayong'oa fosfeti iliyoshikwa na chuma. Ilichapishwa mwaka 1990 kutoka India. Changanya mbaazi na mahindi, acha majani yaoze shambani. Mihogo nayo inategemea sana ukungu wa mizizi, maikoraiza, unaoifikia fosfeti ambako mzizi haufiki. Na kwa udongo wenye tindikali, mbolea ya mwamba wa Minjingu inayeyuka vizuri kuliko kwenye udongo wa chokaa.

#36 Mizizi_Kwanza
Mzee kaongea. Na maikoraiza nayo inaingia kwenye ugomvi: PHR1 ndiyo inayoruhusu ukungu ule kukaribishwa mizizini wakati wa njaa. Ukimwaga fosfeti nyingi, mmea unaufungia mlango.

#37 MtotoWaNewala
Kwa hiyo nikimuuzia mtu TSP nyingi namfukuzia ukungu wake?

#38 BwanaShambaMstaafu
Nyingi, ndiyo. Ndiyo maana nikasema pima kwanza.

#39 Kidato_cha_Tano_Lindi
Shikamooni. Nimesoma mwanzo mpaka hapa. Naomba kuuliza, hiyo SPX ipo na kwa binadamu au ni ya mimea na hamira tu?

#40 Seli_Hai
Marahaba mdogo wangu. Ipo. Tunayo protini moja yenye SPX, XPR1, iko kwenye utando na kazi yake ni kutoa fosfeti nje ya seli. Mwaka 2020 ilionyeshwa kuwa nayo inaamriwa na IP8. Ikiharibika, baadhi ya watu hupata kalsiamu na fosfeti zilizoganda ndani ya ubongo. Kwa hiyo ugomvi huu wa mahindi uko na kichwani kwako.

#41 Mizizi_Kwanza
Mdogo wangu, usisahau kumwuliza hiyo fosfaiti inamdanganyaje binadamu. Bado nasubiri jibu la #25.

#42 Seli_Hai
Jibu liko #27.

#43 Mizizi_Kwanza
#27 ni "inaweza".

#44 Stakabadhi_Ghalani
Mods, huu uzi uhamie Jukwaa la Kilimo au la Afya?

#45 Nangurukuru_Express
Uachwe hapa hapa. Tukihama Mizizi_Kwanza atapotea njia.